Kiatu na Mguu Wake

Sisi watu wa visiwani neno kukwea twalijua tangu utotoni, na twalijua kwa mnazi. Mkwezi hujifunga kamba miguuni, akaukumbatia mti, akapanda hadi penye makuti, akaangusha madafu, kisha akashuka kana kwamba hakufanya lolote. Kiatu hana. Nyayo zake ni pana, vidole vimeachana, na sugu za chini ya mguu wake ni ngumu kuliko ngozi ya ng'ombe. Lau mtu angemwambia kwamba kabla ya kupanda imempasa kuingia dukani kuchagua kiatu, tena kiatu kidogo kuliko mguu wake, angedhani anafanyiwa mzaha.

Lakini ndivyo wafanyavyo wakwea miamba wa zama zetu. Mchezo wao, ambao uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza katika michezo ya Tokyo ya 2020 iliyofanyika mwaka 2021, umeshafika na huku kwetu. Nairobi, ninakosomesha Kiswahili, zipo kuta zilizojengwa ndani ya majumba kwa ajili ya zoezi hili, zimetiwa vishikio vya rangi rangi ukutani, na vijana huzipanda jioni baada ya kazi kama ambavyo vijana wa Lamu huenda kuogelea. Mimi niliingia humo nikiwa na umri wa miaka 46, kwa sababu nitakayoieleza. Nilikutana na urefu, nikakutana na kamba, nikakutana na hofu ya kuachia mikono; katika yote hayo halikuwapo lililonishughulisha kama kiatu. Na kwa kuwa wanaoanza huambiwa kuhusu kiatu hicho neno ambalo mimi silikubali, nimeona nilizungumze hapa, japo najua wasomaji wa kurasa hizi wamezoea mambo ya tungo kuliko mambo ya soli.

Kwanza nikieleze kiatu chenyewe kwa asiyepata kukiona. Ni kiatu chepesi, hakina kisigino kilichoinuka, na chini yake mna mpira mtupu usio na michoro wala mifereji. Mpira huohuo hupanda juu ukaizunguka ncha na ubavu wa kiatu, ili mguu ukiingia katika ufa au ukikwaruza jiwe, ngozi isichanike. Mpira ni laini kwa makusudi: uzito wa mtu ukiulalia, hujibonyeza ukaingia katika vikwaruzo vidogo vya mwamba, na hapo ndipo unaposhika. Ukiwa na vumbi haushiki. Ndiyo maana utawaona wakwea wakifuta nyayo zao kwa kiganja kabla ya kuanza, kama mtu anayetaka kuingia katika nyumba ya mwenyewe.

Zamani haukuwapo. Wazungu walipanda milima yao kwa mabuti mazito yaliyopigwa misumari chini, au kwa viatu vya soli ya kamba na ya nguo nene. Mwaka 1935 watu sita walifia kwenye mlima wa Punta Rasica huko Italia walipokumbwa na dhoruba, na upungufu wa viatu vyao ukahesabiwa miongoni mwa sababu. Mwenzao, Vitale Bramani, akashughulika hata akatoa soli ya mpira yenye meno kwa mabuti ya mlimani. Ama kiatu cha kukwelea mwamba, asili yake ni msitu wa Fontainebleau, kusini ya Paris, penye mawe makubwa ya mchanga yaliyotapakaa kati ya miti. Huko Mfaransa Pierre Allain, katika miaka ya 1930, alibuni kiatu cha kitambaa chenye soli ya mpira laini, na baada ya vita kikauzwa kwa herufi za kwanza za jina lake. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Boreal ya Uhispania ikatoa kiatu kiitwacho Firé, ambacho mpira wake ulinata kupita yote yaliyotangulia. John Bachar wa Kalifonia alikikwelea katika bonde la Yosemite, na tangu hapo hakuna aliyetaka kurejea kwenye mpira wa kale.

Jambo la kuchekesha ni kwamba katika msitu uleule wa Fontainebleau, kilikozaliwa kiatu, ametokea siku hizi Charles Albert, ambaye hukwea peku, na mawe anayoyapanda ni katika magumu kabisa duniani. Nilipomwona katika picha nilimkumbuka mkwezi wetu. Nami ningependa kumfuata, kwani mguu wangu umekulia kwenye mchanga. Lakini mimi nimekatazwa kutembea peku hata sebuleni kwangu.

Hilo ndilo lililonileta kwenye maudhui haya. Baba yangu alikuwa fundi wa mashua kule Matondoni, na maisha yake yote alikanyaga taka za mbao na maganda ya chaza bila ya kiatu. Alipokuwa na miaka 58 akaambiwa ana sukari. Alipunguza halua, akaendelea na kazi. Mwaka uliofuata akaalikwa harusini Mombasa, akapewa zawadi ya viatu vyeusi vya kufunika, vizuri, vya ngozi inayong'aa, na alishinda navyo kutwa kwa kumstahi aliyempa. Usiku alipovua, soksi ilikuwa imelowa damu. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimesuguliwa hata nyama ikaonekana, na yeye hakuhisi kitu. Hilo la kutohisi ndilo lililotutisha. Jeraha likakataa kufunga, likapanda, na baada ya miezi minne mguu ukakatwa chini ya goti. Aliishi miaka sita zaidi. Aliwahi kuniambia kwamba kutembea kwa mguu wa bandia si tatizo. Tatizo ni kwamba hawezi tena kusimama juu ya ubao mwembamba wa jukwaa la mashua, kwa kuwa hajui wayo umekaa wapi.

Mimi nami nikaambiwa nina sukari mwaka niliotimiza miaka 45. Daktari alinigusa nyayo kwa uzi mwembamba wa nailoni, sehemu baada ya sehemu, nimefumba macho, nikisema ndiyo kila nilipohisi. Nilisema ndiyo pote. Akaniambia nishukuru, na kwamba hisia hizo ndizo mlinzi wangu. Nisivae kinachobana, nisitembee peku, na kila usiku nizitazame nyayo kwa kioo. Akaniambia pia nifanye mazoezi. Kukimbia nakuchukia, na mashine za mazoezi zanikumbusha kinu cha ngamia: unazunguka na huendi. Binti wa kaka yangu, aliyekuwa na miaka 14 na anakaa nami kwa ajili ya masomo, alikuwa ameshaanza kukwea ukutani na shule yake. Akanivuta mkono. "Shangazi, njoo utazame tu," akasema. Nikaenda kutazama, nikaishia kufungwa kamba.

Viatu vya kwanza tulivikodi palepale. Viatu vya kukodi ni vigumu, vimevaliwa na mia kabla yako, na huwa havina umbo la mguu wa mtu yeyote. Lakini niseme wema wao pia: ni bapa, vina mpira mnene, na hakuna anayekulazimisha uchukue namba ndogo. Nilivivaa na soksi nyembamba ya pamba, nikapanda mara nne, nikashuka na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nilipokuwa msichana wa kuruka kutoka gatini. Ningeweza kuendelea kukodi. Ila kiatu kilichovaliwa na mia humfinya kila mmoja mahali tofauti, na mimi sina haki ya kufinywa nisikokujua. Nikaazimia kununua changu.

Dukani kijana muuzaji alinipokea kwa adabu. Alinipimia mguu kwa macho, akaniletea jozi iliyojikunja kama ndizi. "Mama, hivi si vya kustarehe," akasema. "Vikiacha kuuma, ujue ni vikubwa." Nilimuuliza kwa nini, na kwa haki yake alijua jibu. Kiatu kilichokunjwa hukusanya nguvu za mguu wote katika ncha ya kidole gumba, na mtu aliyening'inia chini ya mwamba ulioinamia kwake, mgongo umeelekea ardhini, huhitaji ncha hiyo imnase kama ndoano kwenye kishikio kidogo kuliko ukucha. Mabingwa huvaa hivyo. Huvivaa kwa dakika chache, wakashuka, wakavivua hapohapo na kukaa peku wakisubiri zamu.

Lakini mwanagenzi hayuko chini ya mwamba ulioinamia. Yuko kwenye ukuta uliosimama wima au uliolala kidogo, anakanyaga vishikio vipana kama sahani, na husimama juu yake muda mrefu kwa kuwa bado hajui mkono unaofuata aupeleke wapi. Kiatu chake hakiachwi kupumua kila dakika tano. Akivaa cha bingwa, miguu humuuma. Ikimuuma hujifunza kuikwepa, akajivuta kwa mikono peke yake, na mikono huchoka upesi. Nimewaona vijana wenye nguvu wakifanya hivyo, wakatoka wakisema mchezo huu si wao, ilhali lililowatoa ni namba ya kiatu. Madaktari waliowachunguza wakwea wa miaka mingi wamekuta kidole gumba kilichopinda kuelekea wenzake, kucha zilizoota ndani ya nyama, na sugu juu ya vifundo vya vidole, na ubanaji wa viatu umetajwa katika sababu. Haya huwapata wenye miguu mizima. Sembuse mguu wenye sukari.

Kwa hiyo jozi ya ndizi nikamrudishia.

Hapa lazima nimtaje mjomba wangu wa Siyu, ambaye alikuwa akishona makubadhi, kama walivyokuwa wakishona wengi wa mji ule ulio mashuhuri kwa kazi ya ngozi. Mteja alipokuja, mjomba hakumuuliza namba. Alitandika ngozi sakafuni, akamwambia asimame juu yake kwa miguu yote miwili, akauchora mguu kwa mkaa. Aliyeketi hakumpima, maana mguu usiobeba mwili ni mfupi na mwembamba kuliko mguu uliobeba. Wala hakupima asubuhi. Alisema mguu wa asubuhi ni mgeni, subiri alasiri ukutane na mwenye nyumba. Nilipokwenda dukani nilikwenda saa kumi alasiri, baada ya kusomesha kutwa nimesimama, kucha nimezikata siku moja kabla, na soksi yangu nyembamba imo mkobani.

Muuzaji alicheka alipoiona soksi. Ada ya wakwea ni kuvaa bila soksi, ili mguu uhisi jiwe. Nakubali kuwa wanahisi zaidi. Lakini mimi nilinunua kiatu kwa ajili ya mguu wangu na soksi yangu, na sioni kwa nini mtu apime kwa hali ambayo hatakuwa nayo.

Ama namba, ni vyema kujua zinamaanisha nini. Namba za Ulaya zatokana na kipimo cha mafundi wa Ufaransa: kila namba ni theluthi mbili za sentimita. Baina ya 40 na 41 pana milimita zisizofika 7, na nusu namba ni kama milimita 3, yaani unene wa sarafu mbili zilizopandana. Katika nafasi hiyo ndogo ndimo mlimo tofauti ya kidole kilicholala na kidole kilichokunjwa. Zaidi ya hapo, kila kiwanda kina kalibu yake, kwa hiyo 40 ya huyu si 40 ya yule, na mtu anayeagiza kwa namba tu bila ya kuvaa anacheza bahati nasibu. Nilivaa jozi tano. Tatu zilikuwa 40, na hapakuwa na mbili zilizolingana.

Jambo jingine: muuzaji alinielekeza kwenye rafu ya viatu vya kike. Viatu hivyo aghalabu hufinywa ubavuni na kupunguzwa kimo, kwa kudhani kwamba mguu wa mwanamke ni mwembamba. Huenda ni mwembamba huko kilikochorwa. Mguu wa mwanamke aliyekua Lamu akitembea kwa ndara na kwa peku umetanuka mbele kama kasia. Nikahamia rafu ya wanaume, na sikuona haya yoyote. Msomaji mwenye mguu kama wangu, mwanamume au mwanamke, asimame pale penye kiatu chenye nafasi mbele, asitazame bango la juu ya rafu.

Nilivyopima ni hivi. Nilisimama. Vidole vilifika mwisho wa kiatu vikagusa, lakini vililala vyote, hakuna kilichopanda juu ya mwenzake wala kilichokunja goti. Nyuma, kisigino kilikaa bila mfuko wa hewa, kwani kisigino kikipwaya, mguu huteleza ndani na kusugua, na kusugua ndiko kulikomla baba yangu. Tena ukingo wa nyuma haukuukata ule ukano unaopanda kutoka kisigino kwenda kwenye muundi. Kisha nikapanda kidato cha ngazi ya dukani kwa ncha ya kiatu tu, kisigino kikiwa hewani, nikatazama kama kiatu kinapinda kama andazi au kinanishika. Baada ya hapo nikaketi nacho robo saa nzima. Kijana akadhani nimesinzia. Nilipokivua nikaitazama miguu kwa kioo changu kidogo: palikuwa na alama moja nyekundu ubavuni, nikaibonyeza, ikafifia. Jozi iliyotangulia iliniachia alama juu ya kidole cha pili ambayo ilikuwa ingali nyekundu nilipofika kuvaa ya tatu. Hiyo sikuifikiria tena, ingawa rangi yake ilikuwa nzuri.

Wasomaji wa ushairi wataniwia radhi nikisema kwamba pale dukani niliwaza darasa langu. Mwanafunzi anayeanza kutunga utenzi, ukimpa mizani nane, huingia na neno lenye silabi moja zaidi, na badala ya kutafuta neno jingine hulikata. Inkisari tumepewa, na malenga wakubwa wameitumia kwa ustadi; lakini inkisari ya mwanagenzi ni kidole kilichokunjwa, neno limeingia na halipumui. Mwenziwe naye ana neno pungufu, akaliongezea silabi hadi likapwaya; hayo ni mazida yasiyo na kazi. Huwaambia wote wawili wasome mshororo kwa sauti, polepole, mara tatu, na ulimi utawaonyesha panapofinya. Sijapata kumwambia mwanafunzi kwamba utungo mzuri lazima uumize ulimi. Basi nikashangaa kwa nini katika kiatu tunakubali.

Baada ya umbo lilifuata swali la ngozi. Ngozi tupu isiyo na bitana hutanuka kwa jasho na kuvaliwa, pengine kwa namba nzima, na wauzaji hushauri uinunue ndogo uivumilie mpaka ikufuate. Kwa mtu mzima wa afya huenda ni shauri zuri. Mimi sikuwa na wiki sita za kuuachia mguu wangu ufundishe ngozi. Kiatu cha ngozi ya kutengenezwa hakitanuki sana, na cha ngozi halisi yenye bitana ndani hutanuka kidogo tu, kwa hiyo unachokihisi dukani ndicho utakachoendelea kukihisi. Nilichukua chenye bitana. Tena nilichagua cha kamba, nikaacha vya velkro, ingawa velkro ni wepesi wa kuvua na kwa ukutani hufaa. Kamba waweza kuilegeza mbele na kuikaza katikati, na mguu wangu hutofautiana asubuhi na jioni kama maji kupwa na kujaa.

Mpira nilitaka mnene. Viatu vya mabingwa huwa na mpira wa milimita 3 na nusu hivi, vya wanaoanza 4 hadi 5. Mwenye kuanza huburura miguu ukutani akitafuta pa kukanyaga, na mpira mwembamba humalizika kabla hajajifunza kukanyaga kwa utulivu. Ukiisha, soli hubadilishwa, ila kibadilishwe kabla tundu halijafika kwenye ule ukanda wa mpira unaozunguka ncha. Na kiatu kisiachwe garini juani, kwani joto huilegeza gundi. Watu wa pwani hili hatuhitaji kuambiwa.

Bei haikuwa ndogo. Ningeweza kununua jozi tatu za makubadhi mazuri na chenji ikabaki. Niliilipa bila ya kunung'unika. Viatu vyeusi vya baba vilikuwa vya bure.

Mwezi wa pili tulikwenda Lukenya, kilima kilicho kilomita 40 hivi kutoka Nairobi, kando ya barabara ya Mombasa, ambacho wakwea wa mji ule wamekitumia kwa vizazi. Ukutani unakanyaga kilichofungwa na mtu kwa parafujo, chenye rangi ya kukuonyesha njia. Mwambani hakuna rangi. Kuna jiwe la kijivu lenye chembe kali, limelala mbele yako kama mgongo wa nyangumi, na huoni pa kuweka mguu. Yule binti alikuwa juu tayari, akaniita: "Shangazi, usitafute ngazi. Kanyaga tu, mpira utashika." Nikaweka wayo wote palipo patupu, nikausimamia, ukashika. Nikaweka wa pili. Kwa urefu wa minazi miwili nilipanda hivyo, na mikono yangu ilikuwa imegusa tu jiwe, kama mtu anayeshika ukuta gizani. Nilikuwa nikisikia kwa nyayo: hapa pamechongoka, hapa pana mchanga, hapa jua limefika na pamepata moto. Kiatu kinachouma hakisemi hayo yote; husema neno moja tu, na hulisema kwa kelele.

Juu pale nikamfikiria baba na ubao wake wa jukwaa.

Usiku, nyumbani, nilitazama nyayo kwa kioo kama kawaida. Hapakuwa na kitu. Nimeendelea hivyo kwa miaka mitatu sasa, mara moja au mbili kwa wiki, sukari imekaa pazuri kiasi cha daktari kunipunguzia dawa moja, na kila anaponigusa kwa uzi wake nasema ndiyo. Soli imebadilishwa mara moja. Najua siku moja huenda uzi ukagusa mahali na nikanyamaza, na siku hiyo nitavitundika viatu hivi ukutani kwa kamba zake, kwani kiatu cha raha hakimlindi asiyehisi.

Linalonishughulisha zaidi kwa sasa ni mguu wa yule binti. Ana miaka 17, anakwea mashindanoni, ananipita kwa mbali, na kuna mtu mzima katika mchezo huo aliyemwambia ashuke namba mbili. Wenzake wameshashuka. Mifupa ya mguu wake haijamaliza kukua, na madaktari wa michezo huonya juu ya kuwabana watoto na vijana kwa ajili hiyohiyo. Nilimwambia kwamba fedha ya viatu inatoka kwangu, na mimi nanunua vya mguu alio nao. Alinuna siku mbili. Siku ya tatu alikuja na karatasi, akaitandika sakafuni, akasimama juu yake kwa miguu yote miwili, akanipa kalamu. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Nilimchora, tukapima kwa rula: ni 39 kwa mguu wa kulia, na wa kushoto umezidi kwa milimita 4. Tumekubaliana kwenda Jumamosi, tuanze na wa kushoto.